Mtoto wa Plastiki Aliyepiga Chafya

Naanza na kitu chenyewe, maana nikianza kwingine watu hunikatiza. Doli? Mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja, unakaa kupaka doli rangi? Ndiyo, napaka doli rangi. Ni mwanasesere wa vinili, plastiki laini lakini nzito mkononi, mweupe pepe, urefu wake kama chupa ya soda. Kichwa kikubwa, tumbo la mviringo, mikono mifupi, na uso hana. Anatoka kiwandani hivyo hivyo, bila jicho wala mdomo, na msanii ndiye anayemfanya awe mtu. Akishakuwa mtu ananunuliwa na mtu mzima mwenzangu huko Nairobi, anawekwa kwenye kabati la vioo, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kumgusa.

Hapo pa mwisho sijawahi kupaelewa. Mama mwenye duka jirani aliniuliza siku moja, "Watoto wanachezea hii?" Nikamwambia hapana. "Sasa ni ya nini?" Nikamwambia nina kazi nyingi. Swali lile lilinikera wiki nzima.

Kazi yangu ya kila siku ni mabango. Kama umewahi kupita Litein ukaona kuku kwenye ukuta wa hoteli, anacheka ilhali anajua ataliwa, huyo ni wangu. Nachora kuta za nasari, saluni, vinyozi, na majina ya makanisa kwenye mabati. Chumba changu kiko nyuma ya duka la mbolea na dawa za ng'ombe, na mvua ikinyesha alasiri, yaani karibu kila siku, nafunga dirisha na kufanya kazi kwa taa. Mwanasesere wa kwanza aliniletea mtu niliyesoma naye chuo cha sanaa, ambaye sasa ana duka la watu wa kukusanya vitu hivi. Alimtuma ndani ya sanduku la viatu, na karatasi yenye maneno manne: Mpake vile wewe unataka.

Vile nataka! Mimi huambiwa chora kuku, chora soda, weka namba ya simu hapa chini. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza nataka nini. Nilikaa na yule mtoto mweupe siku tatu, na kila nikimwangalia nilikasirika zaidi.

Kumwandaa si kazi ngumu. Unamwosha kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu anatoka kiwandani na mafuta ambayo jicho haliyaoni lakini rangi inayaona. Unamtumbukiza kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, mpaka shingo ilainike, halafu unazungusha kichwa na kukivuta kitoke. Usipokitoa, rangi haitafika shingoni, na siku mtu akikigeuza itachubuka yote. Unasugua kwa msasa laini, unapaka praima, kisha rangi, nyembamba, moja juu ya nyingine, kila moja ingoje mwenzake ikauke. Ukitaka pua au masikio unayafinyanga kwa ile gundi ya mafundi wa mabomba, ile unayokanda vipande viwili mpaka viwe kimoja. Unarudisha kichwa, unamaliza kwa vanishi. Hayo nitakufundisha kwa wiki moja, hata kama mkono wako ni mzito. Lakini kujua huyu mtoto ni nani, hilo sikufundishwa na mtu, na chuoni hawakuligusa.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu. Mtoto akizaliwa kwa Wakipsigis, wanawake hawaamini kwamba amekuja mtu mgeni. Amekuja mmoja wa wafu wa upande wa baba yake, na kazi ni kujua ni yupi. Wanakaa naye ndani, shangazi mkubwa anampakata, anamkaribishia ugoro kidogo puani, na majina ya wafu yanatajwa moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Tunaliita jina la kurenet. Atapewa mengine, la saa aliyozaliwa, la ubatizo, la shuleni, lakini hilo la chafya ndilo lake hasa. Na sisi ni watu wa kanisa, tafadhali. Kila mwanamke anayekaa katika chumba kile ana sare ya kwaya nyumbani. Mchungaji anajua, na haulizi.

Basi siku ile ya tatu nilikuwa nimemweka mwanasesere kwenye sufuria, namsubiri shingo ilainike, na hasira imenijaa. Nikamwuliza kwa lugha ya nyumbani, "Kwani wewe ni nani?" Akanyamaza, bila shaka. Nikaanza kumtajia wafu, kwa mzaha tu, nikiiga sauti ya shangazi. Nikataja mwalimu wetu wa darasa la nne. Nikataja fundi wa baiskeli. Nilipofika kwa mzee aliyekuwa na kinu cha kusaga unga, shingo ikateleza kidogo kutoka mahali pake, hewa ikatoka, chu! Wallahi, nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akagonga ukuta. Nikampaka mzee wa kinu, unga kwenye nyusi na kila kitu. Hakumaliza wiki kabla ya kupata mtu wa kumchukua.

Tangu hapo sijawahi kuchora chochote kwenye karatasi kwanza. Namweka mtoto majini, naita. Rafiki yangu wa Nairobi aliwahi kunipigia simu akitaka maelezo ya kuandika kwenye karatasi ya maonyesho, jinsi ninavyoikabili kazi yangu. Nilimwambia naanza na umbo, halafu nasikiliza rangi. Akafurahi sana. Sijui rangi inasikilizwaje, lakini ningemwambia nini? Kwamba naita maiti juu ya sufuria?

Nilijiwekea mpaka mmoja: sikuita mtu wa nyumba yetu. Niliita watu wa soko. Niliita yule mama aliyekuja kutoka pande za ziwa akauza omena soko la Chepilat mpaka akazeeka hapo, na alipoitika nilimpa kitambaa chekundu na macho ya kutoaminiana na wateja. Lakini wetu, hapana. Sikuwa nimekaa chini nikalifikiria. Niliona tu si vizuri.

Baba yangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya haya. Alikuwa mkulima wa chai, mwenye shamba dogo na maneno makubwa. Alivaa koti zito la sufu hata jua likiwaka, na alichuma chai yake mwenyewe kwa sababu hakuamini mkono wa mtu. Ukimsaidia, alipekua kikapu chako na kutupa majani yote aliyoyaona yamekomaa, mbele yako, bila haya. Kazi yangu hakuipenda. Alitaka niwe mwalimu. Mara moja tu alisimama mbele ya ukuta niliouchora, akaangalia, akamwambia mwenzake, "Huyu kuku hacheki, huyu amekosa pumzi." Nilisikia na macho yangu yakajaa machozi, na mpaka leo nikipita pale naona ni kweli, amekosa pumzi.

Mama naye alikuwa akimngoja. Nasema hivyo bila kuongeza chumvi. Baada ya mazishi alizungumza juu yake kama mtu aliyeenda Mulot kuangalia ng'ombe. Watu walipokuja kugawana nguo za marehemu, alikataa koti liondoke.

"Atalihitaji," akasema.

"Lakini mama, atakuwa mtoto mchanga."

"Kwani watoto hawakui?"

Mlango wa kurudia ulikuwa mmoja. Ndugu yangu ni mmoja tu, na mke wake alikuwa na wasichana wawili waliozaliwa wakati baba yu hai. Mimi sina mtoto wa kuhesabiwa kwetu, na hilo limeshazungumzwa kwetu mpaka likachosha watu. Wifi yangu aliposhika mimba ya tatu, alituambia sote waziwazi kwamba hii ndiyo ya mwisho, baada ya hii amefunga.  Siku iliyofuata mama alilitoa lile koti, akalipigapiga vumbi, akalianika juani. Sote tuliona.

Ni wakati huo huo rafiki yangu alinitumia mwanasesere wa maonyesho makubwa. Wasanii kumi na wawili, watoto kumi na wawili wa umbo moja, na mada moja: Nyumbani. Nikamweka majini. Nikaita soko zima. Nikaita walimu, wachungaji, madereva wa lori la majani ya chai, hata mwizi mmoja wa kuku aliyekufa kwa uzee kitandani mwake. Kimya. Maji yakapoa, nikayapasha. Yakapoa tena, nikayapasha tena. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mara ya tatu nikasema, "Basi ngoja nimwite mwenye kujua kila kitu," na jina la baba likanitoka.

Chu!

Tena kwa nguvu, maji yakanirukia kifuani. Nilisimama pale mkono mdomoni. Nilijua ni hewa. Nimetoa vichwa vya kutosha kujua jinsi hewa inavyokaa ndani ya plastiki na inavyotoka. Lakini nilitaka kulia, na nilitaka kumpigia mama simu, na sikumpigia. Nikamfuta yule mtoto kwa kitambaa, polepole, na siku iliyofuata nikaanza msasa.

Wiki sita nilizompaka baba ni wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa naye. Naomba nisieleweke vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimfinyangia masikio yenye matundu makubwa, ya wazee wa rika lake. Koti nililipata kwa rangi tano za kijivu na kahawia, nikilivuruga kila jioni na kulianza upya asubuhi. Nilizungumza naye. Nilimwambia mambo ambayo nisingethubutu akiwa na mdomo, na mdomo ndio niliuchora mwisho kabisa, kwa kuogopa. Nilipomaliza na kupaka vanishi nilimweka dirishani, nikajivunia, halafu nikaona aibu ya kujivunia. Ilikuwa aende Nairobi Alhamisi.

Wifi yangu alijifungua Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Mvulana. Ndugu yangu alinipigia simu, sauti yake ikikatikakatika, na nyuma yake nikasikia mama akiuliza, "Masikio yakoje?" Mtoto aliyezaliwa saa tatu tu zilizopita, masikio yatakuwaje?

Jumatatu walitoka hospitali, na mchana huo wanawake tukakusanyika kwa ndugu yangu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikaa kwenye kochi na mtoto mapajani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini ulimi ni ule ule. Wifi alikuwa amejilaza pembeni, amechoka, akitabasamu kwa adabu. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na magoti ya shangazi, mikono ameikunja. Alikuwa amevaa nguo yake ya Pasaka.

"Anza na yeye," mama akasema.

"Kuna utaratibu," shangazi akajibu.

"Anza na yeye."

Shangazi akashika ugoro kwa ncha ya kidole, akaupitisha chini ya pua ya mtoto, akataja jina la ndugu yake. Mtoto akakunja uso.  Akaukunjua, akalala. Shangazi akarudia. Kimya. Mara ya tatu akaongeza ugoro na kuongeza sauti, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, na yule mtoto akapiga mwayo.

 Hapo nikamwona akilini mwanasesere aliye dirishani mwangu, na mdomo niliomchorea. Nikajiambia, wewe mwanamke, umesoma, ile ilikuwa hewa. Nikajijibu, kama ile ilikuwa hewa, hii ya hapa ni nini? Ugoro? Basi mbona mtoto anaunusa na hapigi chafya?  Sikuamini kwamba nimemfungia baba ndani ya plastiki. Wala sikuweza kuamini kwamba sijamfungia. Nilikaa katikati ya mambo hayo mawili, nimeshika chupa ya chai ambayo nilikuwa nimeambiwa niipitishe.

Shangazi akaendelea na wengine. Babu, kimya. Ndugu wa babu wa kwanza, kimya. Alipotaja yule wa pili, mzee aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa na ambaye sifa yake moja ninayoijua ni kwamba alimficha ng'ombe wa mahari ya ndugu yake mwenyewe, mtoto akapiga chafya mbili mfululizo. Vigelegele! Wifi akacheka. Shangazi akamtemea mtoto mate ya baraka na kumsalimia yule mzee kwa jina, akamwuliza alikuwa wapi siku zote hizi. Mama naye alipiga kigelegele, nilimwona. Kisha akainuka, akasema anakwenda kuangalia maziwa yasimwagike. Maziwa yalikuwa yamekwisha chemka na kuepuliwa, nami ndiye niliyeyaepua.

Nilitoka kumfuata, nikafika mlangoni mwa jikoni, nikarudi. Usiniulize kwa nini. Niliogopa.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mwanasesere kwa taulo, nikamtia ndani ya kiondo, nikaenda kwa mama. Njiani nilibadilisha nia mara nne. Nilimkuta jikoni kwake anasafisha vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, anasugua ndani kwa ule mkaa wa mti wetu, mikono myeusi mpaka vifundoni. Koti la baba lilikuwa kwenye msumari. Sufuria ya maji ilikuwa mekoni. Tukasalimiana, akaniuliza kama nimekunywa chai, nikasema bado, hakuinuka kunipa. Hilo peke yake lilinitisha, maana mama yangu hajawahi kuacha mtu bila chai.

"Mama, kuna kitu nataka uone."

Akafuta mikono. Nikafungua taulo, nikamsimamisha mwanasesere juu ya meza. Mama akamwangalia. Akainama. Akagusa koti kwa kidole, halafu sikio.

"Ni yeye," akasema kwa upole. Kisha, "Sikio la kushoto lilikuwa limekatika."

"Nililisahau."

"Alikatwa na waya wa seng'enge kabla hujazaliwa. Hukuwa ukimwangalia."

Ningeweza kuishia hapo. Ningesema nimekuletea kumbukumbu, mama, nikanywa chai, nikarudi kazini. Lakini nilishindwa. Nikamweleza yote: maji, majina, ile sauti. Nilieleza haraka haraka nikicheka, jinsi ninavyofanya nikiogopa. Uso wake ukabadilika kabla sijafika mwisho.

"Ulimwita lini?"

"Ni kama miezi miwili."

"Kabla ya mtoto?"

"Kabla."

"Na akaitika."

"Mama, ilikuwa hewa. Hii ni plastiki, shingo ikipata joto inateleza, sasa ile hewa ya ndani..."

"Nimekuuliza, aliitika?"

"Ilitoka sauti."

"Kama chafya."

 Mama akajishika kichwa kwa mikono yake yenye masizi bado, akaacha alama mbili nyeusi kwenye mashavu yake. Nilitamani anifokee. Tumezoea kufokeana, sisi, tukifokeana mambo huisha. Akasema taratibu tu, "Umemwita kwenye kitu kisichokua."

"Sisi ni watu wa kanisa!" nikapaza sauti. "Wewe mwenyewe ni kiongozi wa akina mama! Mtu akifa yuko kwa Mungu, si ndivyo mnavyotufundisha?"

"Najua tunavyofundisha. Mtoe."

"Nimtoe vipi?"

"Vile ulivyomwingiza."

Jambo la kwanza lililonijia kichwani, na naliandika hapa kwa aibu, lilikuwa rangi. Wiki sita. Vanishi haipendi maji ya moto, itaiva na kuwa nyeupe, na rangi iliyo chini itajikunja. Rafiki yangu alikuwa amenipigia simu jana yake kuuliza kama mzigo uko tayari, nikamwambia uko tayari kabisa. Mama alinitazama, na nadhani alizisoma hesabu zangu zote usoni. Nikamchukua mwanasesere, nikamtumbukiza kwenye sufuria.

Tukasimama pande mbili za meko. Koti la kijivu na kahawia likaanza kufura, vipovu vidogo vidogo, kisha likachubuka na kuelea juu ya maji vipande vipande. Sikio moja likabanduka. Uso nao ukaanza kufifia chini ya vanishi iliyoiva, na nilipotaka kumtoa mama akanishika mkono.

"Mwite," nikasema. "Ni wewe unayemtaka."

Mama hakuwahi kutaja jina la baba. Wanawake wa umri wake hawataji majina ya waume zao. Maisha yangu yote alimwita mzee, au baba yenu. Asubuhi ile aliinama juu ya mvuke akalitaja, jina lake la ndani, lile alilopigia chafya akiwa mtoto, polepole na kwa sauti ya msichana ambaye sikuwahi kumjua. Akangoja. Akalitaja tena. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekaza macho kwenye ile shingo, nikiomba iteleze, kisha nikiomba isiteleze.

Haikutoa sauti. Hewa haikuwepo tena, nadhani. Nilipokuwa nikirudisha kichwa wiki ile niliibana yote itoke. Au sijui. Nilimwopoa kwa kijiko, nikamshika kwa taulo, nikazungusha, nikavuta. Kichwa kikatoka bila shida yoyote.

Mama akaninyang'anya kile kiwiliwili. Akaenda nacho mlangoni penye mwanga, akakiinamisha, akachungulia ndani kwa jicho moja. Akaingiza kidole, akakizungusha kote ndani, akakitoa na kukiangalia. Kilikuwa kimelowa, basi.

"Hakuna mtu," akasema.

"Nilikwambia, mama. Hakuna mtu."

Nilisema hivyo kwa furaha kabisa. Nilidhani nimeondolewa kosa. Nilidhani sote wawili tumepumua, na kwamba sasa angeweka chai.

"Kwa mtoto hayuko," akasema.

"Hayuko."

"Na humu hayuko."

"Hayumo, mama."

Akageuka akaniangalia. Nimeona watu wakiniuliza maswali kwa hasira, kwa dharau, kwa kunipima. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali jinsi mama alivyoniuliza asubuhi ile, kama mtu anayeuliza njia, akiwa na uhakika kamili kwamba anayemwuliza anaijua.

"Sasa yuko wapi?"

 Nilikuwa na kichwa cha baba yangu mkononi, kimechubuka, macho hayapo, kinachuruzika maji kwenye kiatu changu, na sikuwa na neno hata moja la kumpa, la kanisa wala la nyumbani. Mama aliyesimama kwenye mazishi akiwapangia watu viti, aliyewaambia waombolezaji wale kwanza ndipo walie, aliketi chini kwenye sakafu ya jikoni, akafunika uso kwa mikono ile myeusi, akalia kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeletewa habari asubuhi hiyo hiyo.